Kanula zipi tuagize ili mgonjwa wa wodini asichomwe tena na tena?

Wodi_ya_Ndani

Habari za majukumu, wakuu. Naomba mchango wenu. Swali ni la ununuzi, lakini anayeumia ni mgonjwa.

Wodi ni ya magonjwa ya ndani, watu wazima, vitanda 36. Wengi hulazwa siku 4 hadi 10: nimonia, malaria kali, kisukari, kiharusi, moyo, figo, vidonda vilivyoambukizwa. Mtindo ni uleule kwa karibu kila kitanda. Laini, yaani kanula, kimrija cha plastiki cha mshipani, inawekwa Jumatatu, Jumanne usiku mkono umevimba, Jumatano inatafutwa mpya, na asubuhi maabara nao wanakuja na sindano yao. Kufikia Ijumaa mikono yote miwili ina plasta na michubuko, na mishipa iliyobaki ni ya vidoleni.

Stoo ina geji 18 na 20 kwa wingi (geji ni unene, namba ikiwa kubwa kanula ni nyembamba), 22 chache, na 24 huishia wodi ya watoto. Orodha ya robo mwaka ijayo inaandikwa wiki hii. Ninachotaka kujua:

1. Uwiano wa geji uweje?
2. Tuchukue zenye kidirisha cha dawa juu, chenye kifuniko cha rangi, au zisizo nacho?
3. Kanula ndefu na midlaini zina maana kwa hospitali ya kawaida, au ni za wenye uwezo tu?
4. Kanuni ya kubadilisha kila baada ya saa 72 iendelee?

Natanguliza shukrani.

---

Sista_Zamu

Mkuu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kusaini. Nianze na geji, maana hapo ndipo kosa kubwa lilipo.

Wengi tumefundishwa kwamba kanula kubwa ni kanula nzuri. Kwa mgonjwa anayetoka damu nyingi au anayeingia chumba cha upasuaji, ni kweli. Kwa mgonjwa wa nimonia aliyelala kitanda namba 14, si kweli. Tupige hesabu. Lita moja kwa saa 8 ni mililita 125 kwa saa, yaani kama mililita 2 kwa dakika. Seti ya matone 20 kwa mililita itakupa matone 42 hivi kwa dakika. Kanula ya bluu, geji 22, ikifunguliwa yote hupitisha kama mililita 35 kwa dakika. Ile ya waridi, geji 20, ni kama 60, na ya kijani, geji 18, ni 90 hadi 100. (Hutofautiana kidogo kwa kiwanda, soma pakiti, imeandikwa.) Kwa hiyo bluu inabeba zaidi ya mara kumi ya unachohitaji. Ukiweka ya kijani hapo hujapata faida yoyote, umeujaza tu mshipa.

Na kuujaza mshipa ndiko kunakouharibu. Kanula ikiziba nafasi kubwa ya mshipa, damu haipiti vizuri pembeni yake. Dawa inakaa palepale ikiwa kali, haichanganyiki na damu ya kutosha, na ncha inasugua ukuta kila mgonjwa anapogeuka. Siku ya pili unaona wekundu, kisha mshipa unakuwa mgumu kama kamba. Kipimo kinachotumika ni kwamba kanula isizidi asilimia 45 ya upana wa mshipa. Bluu ina unene wa nje kama milimita 0.9, kwa hiyo inataka mshipa wa milimita 2. Waridi, 1.1, inataka kama 2.5. Kijani, 1.3, inataka karibu milimita 3. Mzee aliyepungukiwa maji hana mshipa wa milimita 3 kwenye mkono wa chini. Usiupime huku turnike, ule mpira wa kukaza mkono, imefungwa ukadhani hiyo ndiyo saizi yake.

Kwa wodi ya ndani ya watu wazima, mimi ningeanza na nusu ya oda iwe geji 22, theluthi iwe 20, 24 kama kumi kwa mia kwa wazee wa ngozi nyembamba na waliokwisha kuchomwa sana, na 18 zinazobaki zikae kwenye troli ya dharura. Usiichukulie kama sheria. Kwa wiki mbili tumieni daftari moja tu: tarehe na saa ya kuweka, geji, mahali, majaribio mangapi, saa ya kutoa, sababu ya kutoa. Daftari hilo litakuambia uwiano wenu kuliko mtu yeyote humu.

Damu pia hupita kwenye bluu, msiogope. Chupa inapaswa kuisha ndani ya saa 4, na bluu inaweza. Asiwepo mtu wa kumchoma mgonjwa upya eti "lazima iwe ya kijani kwa damu". Picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha ndiyo inayotaka waridi kwenye mshipa mzuri, kwa sababu mashine inasukuma kwa nguvu. Waulizeni radiolojia kabla ya kuweka laini, isije ikatolewa mlangoni mwao.

Mahali: mkono wa chini, kati ya kiwiko na kifundo, upande wa ndani au wa nje penye mfupa mnyoofu. Hapo mifupa yenyewe ni gango. Kunja la kiwiko lina mshipa mnono unaoonekana kwa macho, ndiyo maana kila mwenye haraka hukimbilia huko, lakini mgonjwa akikunja mkono kula uji dripu inasimama, kanula inapinda, na kufikia usiku imetoka nje. Waachie watu wa dharura, na laini iliyowekwa kwa pupa huko mapokezi itolewe ndani ya saa 24 hadi 48. Sentimita kama 10 za juu ya kifundo upande wa kidole gumba nazo uziepuke, kuna neva inayopita juujuu.

La mwisho kwa leo: majaribio mawili kwa mtu mmoja, basi. Viwango vya INS, chama cha Marekani cha wauguzi wa dripu, vinasema hivyo, na toleo lao la 2016 lilitaka jumla isizidi manne kwa watu wote. Andikeni karatasi, ibandikwe kwenye troli. Jaribio la tatu la mtu yuleyule hufanywa na mkono uliokwisha kupoteza utulivu, tena kwenye mshipa wa pili kwa ubora.

---

Wodi_ya_Ndani

Asante sana Sista. Hesabu ya matone nitaibandika ukutani. Hilo la majaribio mawili linaleta swali: baada ya mawili anaitwa nani, na anakuja na kifaa gani? Kwetu "kupandisha ngazi" maana yake ni kumwita mwenzako ajaribu mshipa uleule.

---

Ganzi_na_Uhai

Hapo ndipo altrasaundi inapoingia, ndugu yangu, na hapo ndipo urefu wa kanula unakuwa muhimu kuliko geji.

Kwanza umtambue mgonjwa mgumu kabla hujamchoma. Kuna kipimo kinaitwa A-DIVA, maswali matano, kila "ndiyo" pointi moja. Je, ana historia ya kupatikana mshipa kwa shida? Je, wewe mwenyewe unahisi utakosa mara ya kwanza? Je, baada ya kufunga turnike, huuhisi mshipa kwa kidole? Huuoni kwa macho? Ulio mnene kuliko yote ni chini ya milimita 3? Pointi 0 au 1, endelea. Mbili au tatu, aweke mwenye uzoefu, pasha mkono joto kwanza. Nne au tano, usiguse kabisa bila altrasaundi. Kazi ya nusu dakika hiyo, na inamwokolea mgonjwa matundu manne.

Sasa urefu. Wengi wanachukua altrasaundi, wanaupata mshipa wa mkono wa juu vizuri kabisa, wanaweka kanula ya kawaida ya milimita 32, inafanya kazi, wote wanafurahi. Baada ya saa 20 mkono umevimba. Kwa nini? Chukua mshipa ulio sentimita 1 chini ya ngozi. Ukiingia kwa nyuzi 45, safari ya kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mshipa ni sentimita 1.4. Kanula ya sentimita 3.2 inabakiza 1.8 ndani, kama asilimia 56. Ukiingia kwa nyuzi 30, safari ni sentimita 2, na ndani inabaki 1.2 tu. Mgonjwa akijigeuza, nyama ya mkono inavutika, na ile sentimita moja inachomoka kimyakimya huku nje plasta imekaa safi. Lenga angalau theluthi mbili ya kanula iwe ndani ya mshipa. Kwa mshipa huohuo, kanula ya milimita 45 kwa nyuzi 45 inaacha 3.1 ndani, asilimia 69. Tofauti ni milimita 13 za plastiki.

Kwa hiyo kwenye oda yako ongeza boksi chache za geji 20 zenye urefu wa milimita 45 hadi 48, na ziandikwe wazi kwamba ni za altrasaundi tu. Mshipa ukiwa chini zaidi ya sentimita 1.5, hata hizo hazitoshi. Hapo unataka kanula ndefu ya pembeni, sentimita 6 na kuendelea.

Midlaini ni hatua nyingine. Ina urefu wa sentimita 8 hadi 20, inaingizwa kwenye mshipa wa mkono wa juu, hasa ule wa basiliki upande wa ndani, na ncha yake inaishia karibu na kwapa. Haifiki kifuani, kwa hiyo haihitaji eksirei ya kuhakiki ncha. Mwongozo wa MAGIC uliotoka Michigan mwaka 2015 unapanga hivi kwa dawa zinazovumilika kwenye mshipa wa pembeni: kanula ya kawaida kwa matibabu ya hadi siku 5; kanula iliyowekwa kwa altrasaundi, au midlaini, hadi siku 14; na PICC, yaani mpira mrefu unaoingia mkononi na kufika karibu na moyo, isitangulizwe mbele ya midlaini kama siku hazizidi 14. Nimeuona mpangilio huu ukieleweka vibaya, kwamba kanula ya kawaida itolewe siku ya 5 hata kama ni nzima. Hapana. Ni mwongozo wa kuchagua siku ya kwanza: daktari akiandika antibayotiki ya siku 10 leo, usianze na kanula ambayo unajua itabadilishwa mara nne.

Je, ni za wenye uwezo tu? Bei ya moja ni kubwa mno ukiilinganisha na kanula moja, sikatai. Ilinganishe na kanula nne au tano, glavu, plasta, muda wa nesi, na dozi zilizochelewa kwa sababu laini ilikufa usiku. Kwa vitanda 36 huhitaji nyingi. Omba kumi, ziwe kwa wagonjwa wenye siku zaidi ya 6 za dawa na pointi 4 au 5. Ila sharti moja: kama hakuna mtu wa altrasaundi wa kudumu na hakuna anayejua kuitunza, usinunue. Midlaini isiyosafishwa kila zamu inaganda kama kanula nyingine yoyote, na kuganda kwa damu kwenye mshipa wa basiliki ni tatizo kubwa kuliko mkono kuvimba.

---

Mfamasia_wa_Zamu

Salaam. Sista na Daktari wameongea vizuri sana kuhusu plastiki. Naomba niongeze kinachopita ndani ya plastiki, maana kanula nyingi haziuawi na mkono wa nesi, zinauawa na dawa.

Dawa inayochoma mshipa hutambulika kwa mambo mawili: ukali wake, yaani pH ya chini sana au ya juu sana, na uzito wa myeyusho. Juu ya 900 kwa kipimo cha osmolariti, mshipa wa pembeni hauvumilii kwa dripu ya mfululizo. Dekstrosi 10% ni kama 505, inapita. Dekstrosi 50% ni zaidi ya 2500! Sukari ikishuka, gramu 25 utazipata kwenye mililita 50 za 50% au kwenye mililita 250 za 10%. Kama moyo na figo vinaruhusu maji hayo, toa ya 10%, na utaubakiza mshipa. Mshipa uliopitishiwa 50% mara mbili usitarajie utaishi hadi kesho.

Fenitoini ina pH karibu 12. Ichanganywe na salaini tu, kamwe si dekstrosi, kwa sababu inaganda kama maziwa ndani ya mpira. Ipite kwenye mshipa mkubwa, isizidi miligramu 50 kwa dakika kwa mtu mzima, na salaini kabla na baada. Vankomaisini ina pH kama 4: gramu 1 kwenye mililita 250, kwa dakika 100, si kwa nusu saa. Potasiamu, mililimoli 40 kwa lita ndiyo mwisho wa kawaida kwa pembeni, na mililimoli 10 kwa saa. Mgonjwa akisema "inawaka", usimwambie avumilie. Punguza kasi, angalia mahali, ongeza maji. Kuwaka ndiyo dalili ya kwanza, inatangulia wekundu kwa saa kadhaa.

Kisha kuna kuziba. Seftriaksoni ikikutana na Ringa, ambayo ina kalsiamu, inatengeneza unga mweupe. Ampisilini na gentamaisini zisikutane kwenye mpira mmoja. Furosemidi nayo haipendi majirani wenye tindikali. Salaini mililita 5 hadi 10 kati ya dawa na dawa, kwa sirinji ya 10. Sirinji ya mililita 2 inatoa shinikizo kubwa mno. Inaweza kupasua mshipa au kusukuma donge la damu. Ikikataa kwa sirinji ya 10, imekufa, itolewe.

Lakini nikiulizwa kanula ipi inapunguza kuchomwa kuliko zote, nitajibu: ile isiyowekwa. Pitieni chati za dawa kila asubuhi. Metronidazoli ya kumeza inafyonzwa karibu yote, hakuna sababu ya chupa tatu kwa siku kwa mtu anayekula ugali. Flukonazoli vilevile. Siprofloksasini asilimia 70 na zaidi. Malaria kali: atesuneti saa 0, 12 na 24, akishapata dozi hizo na anaweza kumeza, ahamie dawa mseto ya vidonge. Kanula yake ina kazi ya siku moja na nusu, lakini ukikagua wodi nyingi utaikuta bado ipo siku ya nne, imefungwa kifuniko, inasubiri kuambukiza. Swali la raundi liwe moja kwa kila kitanda: laini hii leo inafanya kazi gani?

---

Mkongwe_Wodini

Wapendwa, mengine yote sawa. Ila namba 4 ya muuliza swali isiachwe. Saa 72 ni saa 72. Tulifundishwa hivyo kwa sababu ya maambukizi, na mkiruhusu kanula zikae hadi "zioneshe dalili", mtazikuta zina wiki mbili na usaha.

---

Sista_Zamu

Heshima yako, Mkongwe. Hofu yako ina msingi na nitakuonesha wapi, lakini saa yenyewe haina ushahidi wa kuibeba. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Claire Rickard na wenzake kutoka Queensland, Australia, wagonjwa 3,283. Kundi moja lilibadilishiwa kwa ratiba ya siku ya tatu, jingine pale tu palipokuwa na sababu. Kuvimba kwa mshipa kulikuwa asilimia 7 kwa makundi yote mawili. Kwa hiyo ratiba ilimwongezea mgonjwa sindano bila kumpunguzia ugonjwa. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wa 2011 nao unasema kwa mtu mzima hakuna haja ya kubadilisha mara nyingi zaidi ya kila saa 72 hadi 96, na kwa mtoto ni pale panapokuwa na sababu tu.

Sasa upande wako. Hospitali za chuo kikuu cha Geneva, Uswisi, ziliacha ratiba mwaka 2018, na maambukizi ya damu yatokanayo na kanula yakapanda, wakairudisha mwaka 2019. Mimi nasoma hivi: kuacha ratiba ni kubadilishana. Unaondoa saa, unaweka jicho. Bila jicho, baki na saa.

Jicho maana yake ni hili. Kila zamu, mikono isafishwe, gusa juu ya ncha ya kanula kupitia plasta, muulize mgonjwa kama panauma, andika alama ya VIP, kipimo cha kuvimba kwa mshipa, kutoka 0 hadi 5. Sifuri ni pazuri. Moja, maumivu kidogo au wekundu kidogo: angalia tena baada ya saa chache. Mbili, yaani kati ya maumivu, wekundu na uvimbe kuna mawili: itoke sasa hivi, isisubiri dozi ya saa nne usiku. Ukiingoja ifike tatu umepoteza mshipa mzima, na wa juu yake pia.

---

Nesi_wa_Watoto

Naongezea la kufunga na la kidirisha, kwa sababu wodi ya watoto ndiyo inayojua maumivu ya laini kuchomoka.

Kanula haichomoki kwa sababu mgonjwa ni msumbufu. Inachomoka kwa sababu kichwa chake kinacheza. Kila kikicheza milimita mbili nje, ncha inacheza ndani, na tundu la ngozi linapanuka, na bakteria wanapata njia. Angalia plasta nyingi: kipande kimoja kipana juu ya kila kitu, tundu halionekani. Badala yake, kata vipande vitatu vyembamba. Cha kwanza kipite chini ya mabawa, upande wa gundi juu, kisha mikia yake ipandishwe sambamba na kanula kama herufi U. Cha pili kikatize juu ya mabawa. Plasta ya nailoni inayoonesha ngozi ikae juu ya tundu, na kama haipo, pamba tasa ndogo iliyokunjwa. Cha tatu kishike mpira wa dripu uliokunjwa kitanzi kidogo, ili akivuta, kitanzi kivutike kwanza, si kanula. Na msitumie roli moja ya plasta inayozunguka vitanda vyote ikiwa imebandikwa kwenye ukingo wa troli; inabeba vijidudu vya kila mtu.

Mpira mfupi wa nyongeza, sentimita 10 hivi, ukifungwa kwenye kanula siku ya kwanza, dawa zote zinapitia mwisho wake. Mikono ya nesi haigusi kanula tena. Mkuu, hii ina majibu ya swali lako la pili. Zenye kidirisha juu ni rahisi kwa dharura, lakini kile kifuniko cha rangi hakikai vizuri, tundu lake haliwezi kusuguliwa kwa spiriti ipasavyo, na kila dozi inatikisa kanula yenyewe. Ningechukua zisizo na kidirisha, zenye mabawa, pamoja na mpira wa nyongeza wenye kizibo cha kusugulika. Bajeti ikibana, kidirisha kibaki lakini kisitumike kama njia ya kawaida.

Someni pia kilichoandikwa kwenye pakiti. Poliyurethani, hufupishwa PUR, inalainika ikipata joto la mwili na inafuata mkunjo wa mshipa. PTFE, yaani teflon, inabaki ngumu na ikipinda haijinyooshi. Kwa mtu wa siku moja haina tofauti kubwa. Kwa siku nne, chukua PUR.

Kwa watoto: 24, na 26 kwa kichanga. Mwanga mwekundu au taa ndogo ya LED chini ya kiganja kwenye chumba chenye giza unaonesha mshipa kama mstari mweusi. Usiishikilie taa yenye joto kwenye ngozi ya kichanga.

---

Ganzi_na_Uhai

Nesi, ahsante kwa herufi U. Kuna kosa moja la kiufundi la kuongeza, kwa sababu linachangia makosa mengi ya jaribio la kwanza hata kwenye mshipa mzuri.

Damu ikionekana kwenye chemba, ni ncha ya sindano tu iliyoingia. Plastiki iko nyuma yake kwa milimita moja au mbili, bado iko nje. Ukianza kusukuma plastiki hapo, inasukuma ukuta wa mshipa mbele, unasikia kama inagoma, kisha uvimbe. Ukipitiliza bila kushusha mkono, unatoboa ukuta wa chini. Fanya hivi: ingia kwa nyuzi 10 hadi 30, damu ikionekana simama, laza kanula karibu na ngozi, ingiza yote pamoja milimita 2 au 3, ndipo uteleze plastiki pekee huku sindano imesimama. Kidole gumba cha mkono mwingine kiwe kinavuta ngozi chini muda wote. Mshipa unaoitwa "unateleza" mara nyingi ni ngozi ambayo haikuvutwa. Na sindano ikishatolewa isirudishwe ndani ya plastiki. Inaweza kuikata, na kipande kikaenda na damu.

Kabla ya hapo: turnike sentimita 5 hadi 10 juu, isizidi dakika moja au mbili, mapigo ya kifundo yasikike. Kitambaa cha uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Mkono uning'inie chini ya kitanda. Kupigapiga mshipa kunamuumiza tu, papasa kwa upole. Klorheksidini 2% kwenye spiriti 70%, sugua sekunde 30, iachie ikauke yenyewe sekunde 30. Usipulizie.

---

Wodi_ya_Ndani

Nimepata zaidi ya nilichotafuta. Mawili yamebaki. Sampuli za maabara: zinaweza kutolewa kwenye kanula iliyopo ili kuepuka sindano ya asubuhi? Na wagonjwa wa figo, ambao mishipa yao yote tumeshaimaliza, tuwafanyeje?

---

Sista_Zamu

Sampuli: wakati mzuri ni dakika ileile unapoweka kanula mpya, kabla ya kuunganisha dripu. Andaa chupa zote mapema kwa mpangilio wa maabara yenu, uwaulize madaktari wakati wa raundi kama kuna kingine, kisha chota mara moja. Baada ya hapo, kanula iliyokaa huvunja chembe za damu na potasiamu inapanda kwa uongo, sampuli inarudishwa na mgonjwa anachomwa hata hivyo. Ikibidi kabisa, simamisha dripu dakika 2, tupa mililita chache za kwanza, vuta polepole. Damu ya kalcha, ile ya kuotesha vijidudu, isitolewe humo. Na msitoe damu juu ya mkono wenye dripu. Mtapima dekstrosi yenu wenyewe. Kinachopunguza sindano zaidi ya yote ni kukusanya vipimo: oda tatu za siku moja ziwe mchoto mmoja wa saa kumi na mbili asubuhi.

---

Ganzi_na_Uhai

Figo. Hapa kuchagua kifaa ni kuchagua kama mtu huyu atapata fistula ya kusafishia damu mwaka ujao. Mgonjwa mwenye figo zinazofanya kazi chini ya 45 kwa kipimo cha eGFR asiwekewe PICC bila kukubaliana na daktari wa figo, na midlaini vilevile usimkimbilie nayo. Mishipa ya mkono wa chini na wa juu, hasa mkono asioutumia sana, iachwe. Weka kanula nyuma ya kiganja, geji 22 au 24, na damu ya vipimo nayo ichotwe kwenye mishipa ya nyuma ya kiganja. Ndiyo, nyuma ya kiganja panauma zaidi na hapadumu sana, mueleze mgonjwa sababu. Mkono wenye fistula hauguswi kabisa, hata kupima presha. Funga kitambaa chenye rangi kwenye kifundo cha mkono unaolindwa, uandike kwenye faili kwa kalamu nyekundu, kwa sababu mtu wa zamu ya usiku hatakuwa amesoma uzi huu.